Tanuri Kwenye Barabara ya Kisangani

Wanaume wanne walihitajika kulipandisha tanuri kwenye lori, na wote wanne walisema jambo moja: mama, uza hii kitu, utanunua ingine Kisangani. Rafiki yangu alisimama pembeni, mikono kiunoni, kitenge amekikaza kama mtu anayekwenda kulima. Alipoona upande wa kushoto umeanza kuteleza, aliingia chini mwenyewe, akatia bega, na tanuri likapanda.

Lilikuwa tanuri la mkate, kimo chake kinanifika kifuani. Fundi wa kuchomelea wa hapa Bunia alilitengeneza kwa vyuma vya mapipa, akaliwekea milango miwili, nafasi ya makala, yaani makaa, juu na chini, na miguu minne mifupi. Kwa miaka tisa mkate wa tanuri lile uliliwa mtaani kwetu kila asubuhi. Wanafunzi wangu waliununua langoni kabla kengele haijalia, na wengine walikuja darasani na makombo midomoni wakiapa kwamba hawajala kitu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Wazazi wangu walitoka Butembo kufanya biashara, wakanunua kiwanja hapa, wakajenga, nami nikazaliwa ndani ya nyumba ileile ninayoishi leo. Rafiki yangu ni mtu wa milimani, upande wa Kpandroma, kwa watu wanaolima viazi na kuvaa sweta mwaka mzima. Alifika Bunia akikimbia vita, akakaa kambini chini ya turubai, kisha akapanga chumba katika kiwanja kilicho nyuma ya nyumba yetu. Mume wake alikuwa amekufa zamani kwa ugonjwa. Watoto wake wawili walikuwa watu wazima, mmoja Aru, mwingine ng'ambo ya mpaka, Uganda. Ananizidi miaka saba, kwa hiyo nilimwita Yaya, yaani dada mkubwa. Yeye aliniita Mwalimu, hata siku tulizogombana.

Urafiki wetu ulianza kwa ugomvi. Wiki aliyohamia nilikusanya nguo zangu za zamani, nikazifunga katika mfuko, nikampelekea nikiwa nimefurahishwa na wema wangu. Alizipokea kwa mikono miwili. Siku ya tatu alizirudisha, zimefuliwa na kupigwa pasi, na juu yake ameweka mkate wa moto.

"Aksanti, Mwalimu," alisema. "Nguo miye niko nayo. Kama unataka kunisaidia, nunua mukate."

Nilikasirika wiki nzima. Baadaye nikanunua mkate.

Kwa hiyo aliponiambia kwamba anahama, niliuliza sababu nikijua kwamba jibu halitakuwa la mkato. Mwenye kiwanja alitaka kuuza, hilo ni kweli, lakini vyumba vya kupanga havikuwa vimekwisha Bunia. Sababu ilikuwa nyingine. Mwaka ule watu wa misaada walipita tena mtaani kuandika majina ya deplase, neno tulilolichukua kutoka Kifaransa kwa mtu aliyefukuzwa kwake na vita. Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, aliwaonyesha mlango wa Yaya. Miaka tisa alikuwa amelipa pango, ameoka mkate, ameimba kwaya ya kanisa, na bado alipokosana na mtu kisimani aliitwa mama wa camp.

"Nilienda Kisangani juma moja tu, ku kilio ya shangazi yangu," aliniambia. "Hakuna mutu aliniuliza nilitoka ku camp gani. Waliniuliza kama najua kupika pondu." Pondu ni kisamvu chao.

Watoto wake walipiga simu kupinga. Wanakwaya walimwambia kule Lingala imejaa. "Nitajifunza," akasema. "Mukate haina luga." Na siku tatu kabla ya safari alifanya jambo ambalo sikuwa nimeona mtu wa mtaani kwetu akilifanya: alipita nyumba moja baada ya nyingine kuaga. Aliwaaga marafiki, akawaaga wadeni, akamuaga hata yule mwanamke wa kisimani. "Mubaki muzuri, miye nahama," alisema mlangoni, kisha akangoja mpaka ajibiwe.

Nyumbani kwangu mambo hayakuwa mepesi. Ilikuwa likizo ya shule, na nilikuwa nimeahidi kumsindikiza.

"Utaenda kufanya nini?" mume wangu aliuliza. "Ile ni mutu muzima. Na ile njia unaijua."

Naam, niliijua, kama tunavyoijua sote: kwa kusikia habari zake za mashambulizi redioni na kushika kichwa. Nilimjibu kwamba mtu hahami peke yake kama mwizi, lazima awe na wa kumshikia mfuko. Akaenda chumbani, akaleta koti lake la mvua, akaliweka juu ya begi langu. Mume wangu hajui kusema ndiyo kwa njia nyingine.

Tuliondoka kumekucha, jua limeshapanda, kwa sababu Yaya alikataa kuondoka alfajiri. "Kwa giza ni kukimbia," alisema. Lori lilibeba maharagwe na vitunguu vya mfanyabiashara mmoja, na juu ya magunia abiria kama kumi na tano. Sisi wawili tulikaa mbele na dereva, mwanamume mnene, mpole, aliyependa kusema kwamba yeye hana haraka. Usemi huo ulidumu mpaka kizuizi kimoja baada ya Marabo.

Pale palikuwa na kamba iliyovukishwa barabara, na chini ya turubai karani kijana mwenye daftari kubwa. Alikuwa na adabu. Aliomba kadi zetu, akaangalia ya Yaya, akaona mahali alipozaliwa, akaanza kuandika bila kuuliza.

"Umeandika nini?" Yaya akauliza.

"Deplase, mama. Hii ni kwa faida yako. Deplase wanapita mara moja, wafanyabiashara wanafungua mizigo."

"Faida yangu naijua. Futa."

Karani alinitazama mimi, kama watu wanavyomtazama yule wanayedhani ana akili zaidi. Nyuma yetu magari mawili yalikuwa yamesimama, na moja lao lilikuwa linapiga honi. Nami nikafanya kile nilichokifanya maisha yangu yote mbele ya watu wenye madaftari.

"Yaya, acha aandike," nilisema. "Ni karatasi tu. Tupite."

Aligeuka. Sijawahi kuona uso wake ukiwa hivyo. Hakukuwa na hasira ndani yake. Alinitazama kama mtu anayekutana na mgeni mahali alipomtarajia ndugu.

"Na weye, Mwalimu?" alisema. Kisha akamgeukia karani. "Futa. Andika: anahama. Kazi yake: kuoka mukate."

"Mama, hapa hakuna mustari ya watu wanaohama. Iko ya deplase, iko ya wafanyabiashara, iko ya wasafiri wa ku kurudi."

"Chora mustari."

"Siwezi kuchora, hii daftari si yangu."

"Basi tutangoja mwenye daftari."

Tulingoja. Dereva asiye na haraka alishuka, akapanda, akashuka tena. Walituambia tushushe mizigo ya Yaya yote, na yote ikashushwa: kitanda, meza, mabeseni, magunia mawili ya unga wa ngano, gunia la makala, na mwishowe tanuri. Mwanamume mmoja mwenye bunduki aliligonga kwa kitako akauliza kama kuna maiti ndani. Yaya akafungua milango yote miwili. Ndani alikuwa amepanga sahani zake, kila moja imefungwa katika gazeti, na mashuka, na Biblia, na picha ya mume wake katika fremu. Yule mwanamume alichungulia kwa muda, akasema, "Pole, mama," akaenda zake kukaa kivulini.

Saa tatu zilipita. Abiria wa juu ya magunia walianza kusema kwa sauti, nami nilikaa juu ya jiwe nikiwa na aibu ambayo sikujua niielekeze wapi. Hatimaye karani alichukua kalamu. Chini kabisa ya ukurasa, penye nafasi tupu, alivuta mstari mmoja kwa ukingo wa kadi ya Yaya mwenyewe, akaandika. Yaya akaomba kuona. Alisoma polepole, kidole juu ya kila neno, kisha akamrudishia daftari na kumshukuru kama vile amehudumiwa haraka sana.

Tulipita Komanda, tukaacha nyuma nchi ya vilima na nyasi, na msitu ukaanza. Ulipoanza kutufunga pande zote mbili, yeye ndiye aliyesema, macho yake mbele, barabarani.

"Nimekimbia mara tatu, Mwalimu. Mara ya kwanza nilikuwa musichana, nilikimbia na mwiko ya bukari, ile ugali yetu, mu mukono, juu nilikuwa nakoroga. Mara ya pili niko na mimba. Mara ya tatu nilifunga mulango na funguo, nikatembea siku mbili, njo wakaniambia nyumba ilishaungua. Funguo iko mu nguo yangu ya ndani. Sijatoka pahali hata siku moja na kuambia watu mubaki muzuri. Sasa natoka. Niko na kitanda yangu, niko na sahani. Na weye unaniambia niandikwe nakimbia."

Dereva alipunguza mwendo bila sababu. Nilizaliwa katika nyumba ninayoishi. Niliangalia mikono yangu mpaka tukafika Mambasa.

Siku ya pili, mbali kidogo baada ya Mambasa, tulikuta foleni. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na mbele yetu barabara ilikuwa imegeuka uji mwekundu ambamo lori moja lilikuwa limelala ubavu. Malori kama kumi na mawili yalisimama mbele na nyuma. Wengine walikuwa pale tangu juzi. Wanawake walikuwa wamewasha moto wa kuni mbichi unaotoa moshi tu, na watoto walikuwa wanakula ndizi za kuchoma kwa siku ya pili, bila chumvi. Jioni tulijaribu kupita pembeni. Gurudumu la nyuma likazama mpaka kwenye ekseli.

Asubuhi dereva alikuja kwa Yaya akiwa amevua kofia. Nilijua atakayosema.

"Mama, gari iko nzito. Magunia ya patron, mwenye mali, siwezi kuyaacha. Ile chuma yako itabaki hapa. Nitaikabidhi kwa wenyeji, nikirudi nitaibeba."

Abiria wote walikuwa wanasikiliza. Baadhi yao walikuwa bado na kinyongo cha kizuizini. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisema wazi kwamba watu hawawezi kufia msituni kwa sababu ya bati la mkate.

"Shusha," Yaya akasema.

Nilishangaa. Wao pia walishangaa, wakalishusha upesi kabla hajabadili mawazo, wakaliweka ukingoni, mahali penye changarawe. Yeye akalizunguka mara moja. Akaweka jiwe chini ya mguu mmoja, akalisukuma kwa kiganja kuona kama linacheza. Kisha akaniita.

"Mwalimu, leta gunia ya unga. Na ile beseni kubwa."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilimletea. Chachu alikuwa nayo ndani ya mkoba wake wa mkononi, imefungwa katika nailoni tatu. Alisema hakuwa na imani na chachu ya mji asioujua. Makala yalikuwa yake. Maji tulichota kijitoni, tukayachemsha. Tulikanda chini ya koti la mvua la mume wangu, lililofungwa juu ya miti miwili, kwa kuwa manyunyu yalikuwa hayajakatika. Sikuwahi kukanda donge la ukubwa ule.

"Yaya," nilisema bila kuinua kichwa, "pale kwenye kizuizi nilikosea."

"Ulikosea," akasema. "Kanda."

Tukakanda.

Mkate wa kwanza ulipoanza kuiva, harufu ilikwenda kando ya foleni yote. Sitaeleza harufu ya mkate kwa mtu aliyekaa siku mbili msituni na ndizi. Nitasema tu kwamba malori yalifunguka milango moja baada ya jingine, na watu wakaja kwa miguu mitupu ndani ya matope, kimya, kama wanaoingia kanisani wamechelewa. Walileta pesa mkononi. Yaya alisimama mbele ya tanuri akiwa ameshika kipande cha mbao.

"Mukate hauuzwi," alisema kwa sauti ya kwaya. "Watoto na wamama wanaonyonyesha, mukuje, mukule. Mwanaume mwenye kutaka mukate, achukue kwanza mpawu, achimbe chini ya ile gari yetu. Na gari ikitoka, hii tanuri inapanda. Inapanda ya kwanza, mbele ya vitunguu."

Kukawa na kicheko. Dereva mmoja wa Kisangani akasema kwa Lingala kwamba mama huyu ni hatari, akaenda kuchukua mpawu, yaani koleo lake. Baada yake wakaenda wengine. Kufikia mchana kulikuwa na watu zaidi ya thelathini chini ya lori letu, wanachimba, wanakata matawi, wanatandika magogo. Yule mama aliyesema juu ya bati la mkate alikuja na mtoto wake. Yaya alimpa kipande kikubwa kuliko vyote, akamtazama akila mpaka akamaliza, hakumwambia neno. Nadhani lilikuwa tusi kubwa kuliko lolote ambalo angeweza kutamka, na yule mama alilielewa, kwa sababu alikuja kunisaidia kukanda awamu ya tatu.

Gunia lote moja liliisha. Lori lilitoka alasiri, likinguruma, watu wakipiga kelele nyuma yake. Tanuri lilikuwa bado na moto, wakalimwagia maji mpaka likaacha kufoka, wakalipandisha kwa majani ya migomba mikononi. Dereva wetu mwenyewe aliliwekea kamba, akaifunga mafundo manne.

Tulifika Kisangani siku ya sita, na ningependa kusema kwamba mji ulimpokea Yaya jinsi foleni ilivyompokea. Haikuwa hivyo. Nyumba aliyoahidiwa kwa simu ilikuwa nzuri, yenye bomba la maji uani na umeme wa siku nyingi kuliko Bunia. Mwenye nyumba, mama mjane mwenye sauti ndogo, alitukaribisha, akatupa chai. Kisha akaliona tanuri.

"Moto ndani ya parsele yangu, te," alisema akionyesha kiwanja chake, na ile te, hapana ya Kilingala, aliitamka kwa upole usiopingika. Mume wa mama yule alikuwa amekufa katika moto. Yaya alisikia hilo, na kwa mara ya kwanza katika safari yote hakubishana. Alimpa pole, akamaliza chai yake, akasimama.

Nilimwambia auze. Ndiyo, hata mimi, baada ya yote yale. Nilimwambia nyumba kama ile haipatikani mara mbili, kwamba anaweza kufanya kazi nyingine, apike sambusa, auze mafuta ya mawese.

"Unaona kama niko kichwa ngumu," alisema.

"Naona."

"Ni kweli," akasema, akacheka.

Akapanga chumba cha matofali nyuma ya gereji, dari inavuja sehemu mbili, majirani wanagonga vyuma mchana kutwa. Lakini kulikuwa na kibanda wazi mbele, na mwenye gereji alisema moto yeye haumsumbui, anaishi nao. Mguu mmoja wa tanuri ulikuwa umepinda njiani. Akauchomelea siku hiyohiyo kabla hatujaomba.

Wiki ya kwanza mkate haukuuzika. Watu wa mtaa ule walitaka mkate mrefu, mwepesi, wenye sukari kidogo. Wetu ulikuwa wa mviringo na mzito, mkate wa nchi ya baridi. Tuliula wenyewe asubuhi, mchana na jioni. Siku ya tano aliokota mmoja usionunuliwa, akaukata, akaenda nao kwa mwanamke aliyeuza chai kona ya pili, akamuuliza kwa Kilingala alichojifunza siku nne, kikiwa kimevunjika kila mahali: mbaya wapi? Yule mwanamke alicheka Kilingala chake, kisha akamwonyesha kwa mikono. Urefu huu. Laini hivi. Kesho yake Yaya alioka wa namna hiyo, na vilevile akaoka minne ya mviringo, akaiweka mbele kabisa.

"Juu ya nini unaoka hii bado?" nilimuuliza.

"Watazoea," alisema.

Siku ya kurudi kwangu alinisindikiza mpaka maegesho ya malori. Nilikuwa nimejitayarishia maneno, kwa sababu mwalimu hujitayarisha, na nilipomwona amesimama pale peke yake, mwembamba kuliko alivyoondoka Bunia, masizi mkononi, katika mji ambao hamjui mtu zaidi ya fundi wa gereji na muuza chai, niliyaacha maneno yote, nikavuta ncha ya kitenge changu kuelekea machoni.

Alinishika kiwiko kwa nguvu.

"Usilie hapa, Mwalimu," alisema chini kwa chini, akitazama huku na huku. "Hawa watu bado hawajatuzoea."

Nikapanda. Alisimama mpaka lori likageuza, mkono mmoja juu, hakuupunga, aliuinua tu. Nililia baadaye, tulipokwisha kutoka mjini, nikiwa juu ya magunia matupu kati ya watu wawili waliosinzia.